Kikao Kilikuwa Nairobi

Miaka ya tisini, mtu wa Nakuru aliyetaka kunywa hakuhitaji kuelekezwa. Rhonda, Kaptembwo, Bondeni, hata kule Njoro kwenye mashamba ya ngano, kila mtaa ulikuwa na mlango wake ambao hata watoto waliujua. Aliyetaka kuacha ndiye aliyekosa pa kwenda. Kakangu mkubwa, fundi wa magari aliyesikiliza injini akataja ugonjwa wake kabla ya kufungua boneti, alitaka kuacha. Nalisema hilo kwanza kwa kuwa wengi wangali wanaamini kwamba mlevi hapendi kuacha. Yeye alitaka.

Asubuhi aliomba chai nusu kikombe. Kikijaa, kilimwagika kabla hakijafika mdomoni. Alikishika kwa mikono miwili, viwiko ameviegemeza mezani, nasi tukiangalia pembeni asijue kwamba tumeona. Ili mikono itulie ilibidi atoe loki, kama wasemavyo wanywaji, yaani anywe tena kidogo, na loki ya saa moja asubuhi iliita nyingine ya saa nne.

Msaada tulioujua ni huu: wazee wa ukoo walimkalisha akaapa mbele yao, na kanisa likamwombea. Serikali nayo ilikuwa na sheria yake ya kupiga marufuku chang'aa. Askari walikuja, mitungi ikamwagwa, mama pima akapelekwa kituoni, na baada ya siku mbili moshi ukafuka tena. Pombe ilisakwa kila kona. Mnywaji hakutafutwa na mtu.

Kisha daktari mmoja akamwambia kwamba Nairobi kuna watu wanaokutana, walevi kwa walevi, wakisaidiana kukaa bila kunywa. Nairobi ni kilomita 160 hivi kutoka kwetu. Alikwenda. Aliporudi jioni alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona kwa miaka: alimsikia mtu mwingine, tena mwenye suti, akisimulia asubuhi zilizofanana kabisa na zake. Lakini nauli ya kwenda na kurudi ilikula kazi ya siku nzima, gereji ikabaki imefungwa, na kikao cha mara moja moja hakiwezi kushindana na kilabu cha kila siku. Safari zikapungua, zikakoma. Ini lilimmaliza kabla ya mwaka 2000.

Baadaye nilisoma jinsi Alcoholics Anonymous, yaani AA, ambayo vikao vile vya Nairobi vilikuwa vyake, ilivyoanza. Mwaka 1935, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York alikuwa hotelini Akron, Ohio, biashara imeharibika na baa iko hatua chache tu. Badala ya kuingia baa alishika simu, akapigia makanisa akiulizia mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji ambaye naye pombe ilikuwa imemlemea. Kwa hiyo hata kikao cha kwanza kilibidi kitafutwe. Nikisoma hayo namkumbuka kakangu kwenye kiti cha matatu, akienda kutafuta mtu wa kuzungumza naye.

Leo mambo yamebadilika. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka saa za baa. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina nambari ya simu ya bure, 1192, ambayo mtu hupiga akaelekezwa pa kupata msaada. Tangu Korona, vikao vingine hufanyika kwa simu. Na hapa hapa Nakuru vipo. Mwaka jana nilimsindikiza mwana wa marehemu, maana naye kikombe kilikuwa kimeanza kumtetemeka. Hakuna kiingilio wala daftari la majina. Sharti ni moja, kutaka kuacha. Mzee aliyekuwa akimimina chai alimpa mgeni wake nusu kikombe, bila kuambiwa na mtu. Nilitoka nje kidogo nikalia.

Hata hivyo pombe nayo imesogea. Zamani ulitembea kuifuata. Sasa duka la mvinyo limekaa getini kwa ploti, na bodaboda inakuletea mzinga mlangoni. Aibu nayo haijaondoka. Nakuru ilitangazwa jiji Desemba 2021, lakini watu wake bado wanajuana, na mwana huyo wa kakangu mara ya kwanza aliupita mlango wa kikao bila kuingia kwa sababu aliona gari la jirani. Jirani mwenyewe alikuwa ndani, amekuja kwa shida ile ile.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mnywaji nyumbani, usimkatie tamaa wala usimtume peke yake. Aliyekunywa kwa wingi miaka mingi asikate ghafla bila daktari, kwa sababu kutetemeka kunaweza kuwa degedege, na degedege ya pombe huua. Mpeleke hospitali kwanza. Kisha piga 1192, uliza kikao kilicho karibu, umfikishe mpaka mlangoni. Wiki ijayo mfikishe tena. Kakangu hakupungukiwa na nia. Alipungukiwa na kikao cha karibu na mtu wa kwenda naye. Kikao sasa kipo. Mtu wa kwenda naye ni wewe.