Pampu Tuliyogombania

Maestro, fundi mwenzangu, amefariki. Mwili umesafirishwa kwenda kuzikwa kwao Intipucá, El Salvador, na kabla matanga hayajaisha mwenye jengo akatuarifu kuwa mkataba wa gereji yetu ya uchochoroni, nyuma ya 14th Street hapa Washington, hautaongezwa. Mimi spana nilikwishaziweka chini kwa ajili ya magoti. Lakini vijana wa Kitanzania na Kikenya wanaojifunza ufundi huko Maryland hunipigia simu kuniuliza habari za Mercedes za zamani, hasa breki, na kila nikiwajibu najikuta nabishana na marehemu. Bora niyaandike.

Nilizaliwa Tanga, baba dereva wa lori la katani. Chang'ombe nilipata cheti cha ufundi, Gerezani nikaupata ufundi wenyewe, chini ya Peugeot 504 na Land Rover, magari ambayo ukisikia mlio unajua pa kufungua. Mwaka 1998 bahati nasibu ya viza ikanileta Washington. Mtaa wetu, Columbia Heights, wakati ule haukuwa huu wa leo. Baadhi ya viwanja vilivyoungua Aprili 1968, alipouawa Martin Luther King, vilikuwa bado vitupu. Sinema ya Tivoli ilikuwa imefungwa, na stesheni ya Metro, iliyokuja kufunguliwa Septemba 1999, ilikuwa bado ujenzi na vumbi. Wasalvador waliokimbia vita vya miaka ya 1980 walikuwa wamejaa mitaa hii na ya jirani ya Mount Pleasant, hivyo nilijifunza Kihispania cha gereji kabla Kiingereza changu hakijanyooka. Maestro alikuwa mmoja wao. Jina lake alikuwa nalo, lakini sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa hilo.

Alikuwa na sheria moja: hakuna kuchomeka mashine ya kusomea kodi za hitilafu kabla ya kupima betri. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima isome volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, alternata ipandishe hadi 14 au karibu na hapo. Chini ya hapo, alisema, usisome chochote. Mercedes za kuanzia miaka ya 1990 kompyuta zake huzungumza kwenye mtandao mmoja wa waya, ule wa CAN uliotolewa na Bosch mwaka 1986. Volti ikishuka, kompyuta ya breki inailaumu ya giaboksi, ya giaboksi inailaumu ya injini, na dashibodi inawaka taa kama Kariakoo usiku. Fundi mwenye pupa anasoma kodi kumi na tano, kisha anamwandikia mteja spea kumi na tano.

Baada ya betri, swichi ya taa za breki, kile kiplastiki kidogo juu ya pedeli. Kikichoka, taa za ABS na ESP huwaka, na gia huweza kugoma kutoka kwenye P. Nimeona watu walioandikiwa kompyuta nzima ya breki kumbe dawa ni swichi ya bei ya chakula cha mchana. Kisha sensa za magurudumu na nyaya zake, maana chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa theluji haina huruma. Giaboksi ni ya mwisho kabisa. Mpangilio huu ndio niliourithi kwake, na juu ya huu hatukuwahi kubishana.

Tuligombania E320 moja ya mwaka 2003. Mwenye gari alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, dada wa Moshi. Alifika asubuhi ya baridi, gari limeng'ang'ania gia ya pili, na dashibodini maandishi mekundu yakimwamuru aende gereji kwa ajili ya breki. Mahali pengine, sitapataja, walikuwa wamekwisha kumwandikia giaboksi nzima pamoja na pampu ya breki.

"Kaka," aliniambia, "wakinidanganya wewe niambie. Nikidanganywa na wewe nitamwambia nani?"

Maestro akatoa mita yake mfukoni. Gari hilo lina betri mbili, kubwa iko buti, ndogo iko mbele kama akiba ya breki. Zote mbili zilikuwa hoi. Tukaziweka mpya, tukafuta kodi, tukaliendesha hadi Rock Creek na kurudi. Nyingi hazikurejea. Zikabaki mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya sensa za mzunguko ndani ya giaboksi. Kwenye giaboksi hizi za gia tano, zinazoitwa 722.6, sensa zimo kwenye sahani ya umeme iliyozama ndani ya oili, na nyaya hutoka nje kupitia plagi ya pini 13. Mipira ya plagi ikikauka, oili hupanda ndani ya waya kidogo kidogo hadi kwenye kompyuta. Ukiichomoa ukaikuta imelowa, fuata waya hadi mwisho wake kabla hujafungua kitu kingine. Kompyuta yake ilikuwa bado kavu. Tukabadilisha plagi, sahani, chujio na oili. Oili yenyewe hupimwa ikiwa na joto la nyuzi 80 kwa kijiti kirefu cha fundi, kwa sababu kiwanda hakikuweka kijiti cha mwenye gari. Waliiuza kama oili ya maisha. Maisha ya nani, hawakusema. Giaboksi ikapona.

Ya pili ni C249F, na hapo ndipo urafiki ulipoyumba. E-Class hizo zilitengenezwa na breki za SBC. Ukikanyaga pedeli, mguu wako hausukumi mafuta ya breki moja kwa moja. Sensa inausoma mguu, kompyuta inaamua, na pampu ya umeme ndiyo iliyokwisha kuweka shinikizo akiba. Mfumo ulileta balaa hadi kampuni ikayaita magari 680,000 mwaka 2004, ikarudia kwa magari milioni 1.3 mwaka uliofuata, kwa breki hizo pamoja na kasoro nyingine, na 2006 ikauondoa kwenye E-Class. Ndani yake mna kaunta inayohesabu kila ukanyagaji. Mafundi wengi hutaja laki tatu. Hesabu ikitimia, onyo jekundu, na C249F.

Maestro alisema kaunta inahesabu tu, haipimi. Alipima muda ambao pampu inachukua kujaza shinikizo, akaiona ina afya, akataka kaunta irudishwe sifuri kwa kompyuta na dada aende zake. Kwa nini mtu alipe pampu mpya kwa kosa la kuishi kwenye foleni ya 16th Street?

Nilikataa na bado nakataa. Pampu ile ina mota, mota ina kaboni, na kaboni huisha ndani kwa ndani bila wewe kuiona. Kipimo cha leo hakikwambii ya keshokutwa. Mfumo ukifa, pedeli huzama, na breki inayobaki ni ya magurudumu ya mbele peke yake, kwa nguvu za mguu. Yule dada alikuwa akishuka mteremko wa 13th Street, kuanzia Clifton hadi Florida Avenue, alfajiri, akitoka kukesha. Nikamweleza yote mawili, akachagua pampu mpya, akalipa kwa awamu. Maestro alininunia hadi tukawa tunapeana spana kwa ishara.

Nimtendee haki: magari aliyoyarudisha sifuri yalitembea, na sijui hata moja lililomuumiza mtu. Hilo halinibadilishi. Jiji hili liliacha ukaguzi wa usalama wa magari binafsi mwaka 2009, likabakiza wa moshi. Tangu hapo hakuna wa kukagua breki zako isipokuwa fundi wako, na fundi anayezima onyo amejipa madaraka ambayo mwenye gari hajui kuwa amempa.

Mwaka 2018 Mercedes-Benz ya hapa Marekani iliongeza dhamana ya pampu hiyo ya SBC hadi miaka 25, bila kujali maili. Maestro akaja na habari hiyo akicheka: "Unaona? Ingekuwa mbovu wasingeidhamini." Nikamjibu: "Ingekuwa nzima wasingehitaji."

Vijana, sikilizeni. Msiguse pedi za gari lenye SBC kabla ya kuizima SBC kwa mashine inayoweza kuongea nayo. Vile vimashine vya bei rahisi husoma injini tu. Mtu akifungua mlango, breki huamka zenyewe na pistoni hukamata, na kidole hakina dhamana ya miaka 25. Kaunta msiirudishe sifuri, hata mteja akiwasihi.

Na wewe mwenye E-Class ya 2003 hadi 2006 iliyouzwa Marekani, ukiona onyo jekundu usimlipe fundi yeyote kwanza. Pima betri zote mbili, kisha peleka namba ya chasisi kwa wakala wa kampuni uulize dhamana yako. Miaka hiyo huhesabiwa tangu gari lilipoanza kutumika, kwa hiyo za mwanzo zinaishia 2027 na 2028.