Yaliyoachwa Kusimuliwa

Aghalabu hadithi husifiwa kwa sababu msomaji hajui itakavyokwisha. Mwisho ukijulikana, husemwa kuwa utamu umetoka, yamebaki makapi ya muwa. Mimi ni mwalimu wa fasihi niliyepita miaka arobaini, na furaha niipatayo katika hadithi fulani za picha hunilazimisha kuikataa rai hiyo.

Hadithi hizo ni za mfululizo uitwao Untold Tales of Spider-Man, uliotolewa Marekani na kampuni ya Marvel tangu mwaka 1995 hata 1997, ukafika toleo la 25. Mwandishi wake alikuwa Kurt Busiek, na mchoraji mkuu Pat Olliffe. Spider-Man mwenyewe alizaliwa mwaka 1962 kwa kazi ya Stan Lee na Steve Ditko. Busiek hakumpeleka mbele; alimrudisha nyuma, katika siku zake za shule, akatia visa vipya katika nafasi zilizokuwa wazi baina ya visa vya kale.

Basi nasoma nikijua mengi. Najua kuwa kijana Peter Parker hatakufa, shangazi yake mzee ataendelea kumhangaikia, na mhariri mwenye hasira ataendelea kumchukia Spider-Man. Hofu ya kumpoteza shujaa haipo. Lakini jicho lisilo na hofu kwa shujaa hupata wasaa wa kuwatazama walio kando yake.

Miongoni mwao yumo Sally Avril. Katika hadithi ya mwaka 1962 Peter alimwalika watoke pamoja, naye akamkataa kwa kuwa walikuwapo vijana wa kupendeza zaidi. Hapo akaachwa. Busiek alimwokota, akampa ujasiri na tamaa ya sifa, hata akavaa kinyago na kujiita Bluebird. Kisha siku moja, akikimbilia mahali Spider-Man alipokuwa akipigana, alikufa katika ajali ya gari. Nilifunga kitabu kwa muda. Kimya cha vitabu vya kale, ambacho hapo awali hakikuwa na maana yoyote kwangu, kiligeuka kuwa matanga.

Katika lugha yetu pia, msikilizaji wa habari za Fumo Liyongo hujua tangu mwanzo kuwa sindano ya shaba itamwua, wala hilo halimwondoi barazani. Lakini sasa namfikiri zaidi Saada, kijakazi aliyepeleka gerezani mkate uliofichwa tupa ndani yake. Liyongo alikata pingu akatoka, na masimulizi yakamfuata yeye. Saada alirudi kwa njia gani? Aliulizwa nini, na nani, asubuhi yake?

Wako wasemao kuwa picha hizi ni mchezo wa watoto. Wana haki ya kusema. Mimi zimenifunza kutazama pembeni ya ukurasa, na pembeni ya darasa. Kijana mmoja aliyezoea kuketi karibu na dirisha aliacha masomo katika mwaka wa pili. Katika daftari la mahudhurio jina lake limepigwa mstari, na habari yake imekoma hapo. Juma hili nimeanza kuulizia anakoishi.