Umbali wa Dulles na Tanga

Mama alizoea kuniuliza, “Huko uliko ni mbali kiasi gani?” Nami nilizoea kumjibu, “Siku moja tu, Mama.”

Simu ilinifikia Silver Spring saa tatu usiku, Januari 2017. Tanga ilikuwa tayari saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili, kwani majira ya baridi Washington huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nane. Mdogo wangu hakuzungusha maneno. Mama ametutoka. Kisha akauliza, “Kaka, tukungoje?”

Nikamwomba dakika tano nipige hesabu.

Kutoka uwanja wa Dulles, Virginia, hadi Addis Ababa ni kilomita zipatazo 11,500, mwendo wa saa kumi na tatu hivi bila kutua. Rubani hafuati mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi huanza kwa kupinda kaskazini juu ya Atlantiki ndipo iteremke Mediterania na Sahara. Addis hadi Dar es Salaam ni karibu saa tatu nyingine. Dar hadi Tanga ni kilomita 350 hivi za barabara, na hapo hutaji saa, unasema inshallah. Ndege yenyewe haikuwa ikiondoka mpaka asubuhi. Nilijumlisha mara mbili, kama mtoto anayetumaini kwamba jibu la pili litakuwa jingine. Kwangu ilikuwa kesho kutwa usiku. Kwao, waliokwisha kuamkia siku mpya, ilikuwa kesho.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Nilijua hata hivyo kwamba wangeningoja, laiti ningetamka neno moja. Ndiyo maana nilisema, “Mzikeni.”

Alizikwa baada ya swala ya alasiri. Saa kumi na nusu ya jioni Tanga ni saa mbili na nusu ya asubuhi Washington. Nimezigeuza saa hizo mara nyingi, wala hazibadiliki. Alipokuwa akilazwa mwanandani, mimi nilikuwa kwenye msongamano wa magari wa Beltway, nikitazama taa nyekundu za gari lililo mbele yangu. Hata uwanjani nilikuwa sijafika. Jibu nililompa Mama miaka yote lilikuwa na kasoro ya nusu siku tu, na nusu siku hiyo ndiyo iliyokuwa na mazishi ndani yake.

Kurudi ni kurefu zaidi. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta hupata shida kunyanyuka, tena upepo wa magharibi huikabili njiani. Kwa hiyo tulitua Dublin kuongeza mafuta. Tulikaa vitini, mikanda imefunguliwa, mvua ikipiga madirisha. Jirani yangu alitazama saa yake na kuguna. Mimi sikuwa na haraka.