Mashine Haijui Kwa Nini

Fungua kumbukumbu za mradi wowote wa programu uliotengenezwa na watu wenye haraka, utakuta neno moja limejaa ukurasa mzima: rekebisho. Rekebisho tena. Rekebisho la mwisho. Pembeni ya kila moja kuna jina la mtu, tarehe, na saa mpaka sekunde. Ukibonyeza unaoneshwa mistari iliyofutwa kwa rangi nyekundu na iliyoongezwa kwa kijani. Unaoneshwa kila kitu isipokuwa kile ulichokuja kukitafuta.

Kazi yangu ni kutunza mifumo ya kompyuta ambayo mara nyingi sikuianzisha mimi. Naitwa wakati mwenyewe ameshaondoka, kwa hiyo kumbukumbu hizi nazisoma kuliko ninavyosoma magazeti.

Chombo kinachozitunza siku hizi, karibu kila mahali, ni Git. Linus Torvalds, yule Mfini aliyeanzisha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uitwao Linux mwaka 1991, alikiandika Aprili 2005 kwa sababu ya ugomvi. Kampuni iliyokuwa ikiwapa watengenezaji wa Linux programu ya kutunzia mabadiliko, BitKeeper, bila malipo iliiondoa ruhusa hiyo baada ya mmoja wa watu wa programu huria, Andrew Tridgell, kuanza kuchunguza inavyozungumza na seva zake. Torvalds akakaa chini, na ndani ya siku chache Git ikawa inatunza historia yake yenyewe. Vyombo vya namna hii vilikuwepo zamani. SCCS ya Marc Rochkind ilizaliwa Bell Labs mwaka 1972.

Kila badiliko unalohifadhi ndani ya Git kwa kawaida hupewa utambulisho wa herufi na tarakimu 40, unaokokotolewa kutokana na mambo machache: hali ya mafaili, utambulisho wa badiliko lililotangulia, jina la mwandishi, wakati, na ujumbe. Kwa kuwa kila badiliko limembeba mzazi wake, huwezi kwenda kuchokonoa la mwaka juzi bila yote yaliyofuata kupata utambulisho mpya, na mwenye nakala yake ataona. Sasa itazame tena orodha hiyo. Mafaili mashine inayajua. Mzazi inamjua. Jina na saa inajijazia. Imekuachia kitu kimoja tu, ule ujumbe, na hapo ndipo tunapoandika "rekebisho".

Ofisi moja niliyofanya kazi ilikuwa na mfumo wa kuwalipa wakulima kwa simu. Ndani yake kulikuwa na mstari wa ajabu: ukipata jibu kwamba malipo yameshindikana, subiri sekunde 90, uulize tena, ndipo ulipe upya. Kijana mpya, mwerevu kweli, akauona. Kwa kompyuta, sekunde 90 ni umri mzima. Akautoa, mfumo ukawa mwepesi, tukampongeza. Msimu wa malipo ulipofika, baadhi ya wakulima wakalipwa mara mbili.

Tukatafuta nani aliuandika mstari ule. Jina lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, ujumbe ulisema "rekebisho". Mwenyewe alishahamia Mwanza. Kijana akapiga simu, akaweka spika.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi hapo?"

"Hapa pabaya, kaka. Zile sekunde tisini uliziweka za nini?"

"Sekunde tisini zipi?"

Akasomewa. Kimya kirefu. "Ngoja... Aaa! Ule mtandao ulikuwa unasema imeshindikana, halafu baada ya dakika moja hela inaingia. Msiutoe huo!"

Tulikuwa tumeshautoa.

Wengine walimlaumu kijana. Mimi namtetea. Alifanya anachofanya fundi yeyote mzuri: alikuta kitu kisicho na kazi inayoonekana, akakiondoa. Hata yule wa Mwanza namwelewa. Siku aliyouweka mstari ule, sababu ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa chumbani; kuiandika kungeonekana kumweleza samaki habari za maji. Hapo ndipo mtego ulipo. Sababu ni rahisi kuandika siku ile ile inapoonekana haina haja ya kuandikwa, na siku itakapohitajika, wa kuiandika hayupo au ameisahau.

Wanaotunza kiini cha Linux hawana mzaha na jambo hili. Mwongozo wao unamtaka anayeleta badiliko aeleze kwanza tatizo na athari zake kwa watumiaji, ndipo aseme amefanya nini. Si ajabu kukuta mstari mmoja wa msimbo umesindikizwa na aya tatu. Mgeni huona maneno mengi. Aliyewahi kurithi mfumo wa mtu huona hisani.

Nyumbani nako tumekuzwa na mistari isiyo na ujumbe. Usifagie usiku. Ukiuliza, unaambiwa utafukuza baraka. Wapo wazee wanaokueleza vingine: enzi za koroboi, senti au hereni iliyodondoka ilizolewa pamoja na taka, ikapotea. Lakini wengi wetu tuliachiwa katazo tupu. Sasa umeme upo, na katika ukoo mmoja wanaofagia huwaona wenzao washamba, wasiofagia huwaona wale wakaidi, na hakuna anayeitaja koroboi. Mwenye kuijua sababu angeweza kuuacha mwiko kwa amani, au kuushika huku akijua anachokishika.

Nikirudi kwenye kompyuta, data ndiyo imenitia hofu zaidi. Msimbo ukiharibika hupiga kelele, data hunyamaza. Andika namba za simu kwenye Excel, 0754 na kuendelea, itaidondosha sifuri ya mbele bila kukuuliza. Wataalamu wa jeni walisumbuka na programu hiyo hiyo kwa miaka: jeni iliyoitwa MARCH1 ilikuwa ikigeuzwa kuwa tarehe mosi Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel zina makosa ya aina hii. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaona ni heri kubadili majina yenyewe. MARCH1 ikawa MARCHF1. Nawapenda kwa jambo moja, kwamba walitangaza na sababu. Atakayeshangaa kesho ile F imetoka wapi atapata jibu.

Tangu mkasa wa sekunde 90 nimeanza kuwa mtu wa kueleza, pengine kupita kiasi. Nikimhamisha mtoto shule namwambia kwa nini, hata kama ni mdogo. Nilipojitoa kwenye kikoba niliwaandikia wenzangu kwamba ada za shule zimeniandama, si kwamba namshuku mweka hazina. Maana usipoiandika sababu watu hawaachi nafasi wazi. Huijaza wenyewe, na wakiijaza huwa mbaya kuliko ya kweli. Mke wangu anasema sasa najieleza hata nikizima taa. Ana haki: kuna sababu na kuna kisingizio, na kisingizio ndicho kipendacho aya ndefu.

Git ina adabu nyingine ninayoipenda. Badiliko ambalo bado liko kwenye kompyuta yako peke yako unaweza kulipanga upya, kuliunganisha na lingine, hata kulitupa. Likishachukuliwa na wenzako, desturi ni kutoligusa. Ukitaka kulitangua unaandika badiliko jipya linalolifuta, na yote mawili yanabaki yakisomeka, lile la kwanza na la kulikana. Ningependa baadhi ya viongozi wetu wakane kauli zao namna hiyo, badala ya kutuambia hawakuzisema.

Lakini kati ya wanaoweka wazi walichobadili na kwa nini, anayenivutia kuliko wote ni Donald Knuth, mwenye TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu hasa vya hisabati. Tangu 1978 aliandika katika daftari la kumbukumbu kila kosa alilolirekebisha, na mwaka 1989 akalichapisha lote hadharani, makosa zaidi ya 800, kila moja likiwa na herufi ya kuonesha ni la aina gani: hili la uzembe, hili la kusahau, hili la kidole kuteleza. Anayemgundulia kosa jipya ndani ya TeX humzawadia dola 327.68. Toleo la TeX nalo halipandi kama mengine. Kila likirekebishwa linaongezewa tarakimu moja kuikaribia pai, na la mwaka 2021 linasomeka 3.141592653. Ameagiza kwamba akifa toleo liitwe pai yenyewe, na kosa lolote litakalokuwa limebaki liachwe, lihesabiwe kuwa sehemu ya programu. Sababu alishaiandika tangu 1990: anataka ukurasa uliopangwa leo utoke vilevile miaka 100 ijayo.