Kalamu ni Amana



Sisi tulisoma chuoni Qur'ani, kisha skuli ya praimari, tukasomesha watoto kwa miaka mingi. Tulidhani ya kuwa kuandika ni hati nzuri na wingi wa maneno. Mwaka uliopita tuliingia darasa la jioni la uandishi na uhariri katika chuo kimoja cha mji wetu, tukaketi na vijana walio rika la watoto wetu. Tulitoka na mambo matatu.

La kwanza ni kumjua msomaji. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alilitoa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na asiyejua Kiarabu naye akapata fungu lake. Mwandishi hajiandikii nafsi yake.

La pili ni kupunguza. Tulifundishwa kuisoma insha kwa sauti. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, jumla ile ni ndefu. Insha yetu ilikuwa kurasa nne, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa maamkizi. Tuliuondoa, wala hapana kilichopotea.

La tatu ndilo lililotuuma. Katika insha hiyo tulimlaumu mzazi mmoja wa mtaani petu aliyewatoa wanawe wawili chuoni. Tuliandika ya kuwa ameidharau dini kwa kuipenda dunia. Hatukumtaja jina, lakini jirani yeyote angemjua. Mwalimu akaamrisha tubadilishane karatasi, na yetu ikamwangukia binti ambaye sisi ndio tuliomfundisha alifu. Akaishika asiandike kitu.

"Mwanangu," tukamwambia, "usituonee haya. Hukumu karatasi."

Akainama, akaandika pembeni: "Maalim, shikamoo. Haya umeyajuaje?"

Tulitafuta jawabu tusilipate. Tuliyasikia barazani, nasi hatukumwuliza mwenyewe. Usiku ule usingizi haukutujia. Kesho yake, baada ya Alasiri, tulikwenda kwake. Kumbe kazi imemtoka tangu miezi mitatu, na ada ilipomshinda aliona haya kutukabili. Jioni alikuwa akiwasomesha wanawe mwenyewe, kwa juzuu kuukuu. Tukamwomba radhi kwa lile tuliloliandika, tukamwambia awarejeshe watoto, habari ya ada asiitaje. Wamerudi. Insha tuliichana.

Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuandika deni, nayo yamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat yatuamuru kuchungua habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga. Aya hizi tumezisomesha miaka mingi, na ilibidi mwanafunzi wetu atusomeshe sisi.

Enyi vijana, leo kila mwenye simu ni mwandishi, na neno lake hufika mbali kabla hajainua kidole. Kabla ya kulituma, jiulizeni swali la binti yule. Na wazee wenzetu, msione haya kusahihishwa na mliowalea. Hiyo ndiyo faida ya kulea.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na kalamu zetu. Amin.