Nilimfuata mfalme Korogwe, nikaokota mavi ya chuma

Msomaji wangu, usikunje pua. Mavi ya chuma siyo matusi. Ni yale makapi meusi, mazito, yanayobaki baada ya mawe ya chuma kuyeyushwa tanurini. Nitakueleza niliyaokota wapi na kwa nini niliambiwa niyarudishe.

Safari hii ilikuwa ya kulipa deni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzigua wa Handeni. Siku moja, nikiwa kidato cha pili, nilikaa kibarazani kwake nikikariri kwa sauti: Ghana, Mali, Songhai. Sundiata kumpiga Sumanguru pale Kirina mnamo 1235. Mansa Musa kwenda Makka 1324 akiwa na dhahabu kibao. Bibi alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza, "Na huku kwetu je?" Nikamjibu kwa kiburi cha mwanafunzi kwamba huku kwetu kulikuwa pori tu. Hakunigombeza, alinyamaza tu. Ameshafariki, na lile jibu langu bado linanikera.

Basi nikapanda basi Mbezi alfajiri, tukanunua machungwa Segera kama kawaida, na kabla ya adhuhuri nikashuka Korogwe. Joto lake, bwana! Upande mmoja mkonge, upande mwingine milima ya Usambara imesimama kama ukuta, na Mto Pangani, ambao wenyeji wengi wanauita Ruvu, unapita zake polepole.

Huko juu mlimani ndiko ulikokuwa ufalme wa Wakilindi, makao yake Vuga. Lakini aliyeuanzisha hakuzaliwa mlimani. Alitoka huku chini nilikokuwa naelekea. Jina lake Mbegha, mwindaji wa nguruwe pori, mtu wa milima ya Nguu. Masimulizi yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19, yanasema Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Ndugu wakamdhulumu urithi. Akahamia Kilindi, huko nako mtoto wa mkubwa wa mji akafa wakiwa pamoja mawindoni, ikabidi Mbegha atoroke. Akashika njia na mbwa wake na mikuki yake, akavuka hadi Usambara. Washambaa walikuwa wanasumbuliwa na nguruwe shambani. Jamaa akawaua nguruwe, akagawa nyama, akaua na simba njiani. Wakampa mke, kisha wakampa nchi. Ilikuwa karne ya 18.

Mzao wake wa baadaye, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi 1862, na mkono wake ulifika pwani. Mmisionari Krapf alimtembelea 1848, na Burton na Speke wakapanda Vuga 1857. Pori gani hilo lenye mfalme anayepokea wageni wa Ulaya kwa zamu?

Sasa mimi swali langu lilikuwa dogo: ile mikuki ya Mbegha, nani aliifua? Mfalme anasifiwa, mhunzi hatajwi. Upareni jirani kuna ukoo wa wahunzi, Washana, na masimulizi ya Ugweno yanasema wao ndio waliokuwa watawala kabla ya Wasuya kuwapindua. Hata yule Sumanguru niliyemkariri, masimulizi ya Mali yanamwita mfalme mhunzi. Kumbe habari ni moja, mimi niliisoma ya mbali tu.

Na chuma cha bonde hili ni cha kale kuliko Mbegha. Wanaakiolojia waliochimba sehemu za Korogwe, Mombo na Gonja walikuta mabaki ya uyeyushaji, shanga, na vigae vyenye michoro ya pembetatu kama vile vya pwani, vya miaka zaidi ya 1000 iliyopita. Watu wa huku walikuwa wanafua, wanafinyanga na kubadilishana mali na watu wa baharini zamani sana.

Kijana wa bodaboda aliponisikia nikiuliza akacheka. "Yale mawe meusi? Yapo shambani kwa babu." Kweli yalikuwepo, katikati ya mahindi. Nikatia matatu kwenye mfuko. Babu akatokea na jembe begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hayo yarudishe ulipoyatoa. Ukishayabeba, nani atajua waliishi hapa?" Akaniambia mengine yamekwisha kuzolewa na kokoto za ujenzi. Nikayarudisha, aibu imenijaa.

Kesho yake nikaenda Handeni, kama kilomita 65 za lami. Uzigua ukitazama majina utacheka: Kwamatuku, Kwamsisi, Kwamagome. Kila mahali ni kwa fulani! Nadhani ndiyo historia yenyewe. Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja, walikuwa na wakubwa wengi, kila mtu na mji wake. Mmoja wao, Kisabengo, alikwenda kujenga mji ulioanzisha Morogoro.

Handeni inajulikana kwa shida ya maji, na penye shida ya maji mtungi ni mali. Nilimkuta mama mmoja mfinyanzi nyuma ya nyumba yake. Hana gurudumu wala mashine. Anakanda udongo, anauinua kwa vidole huku yeye mwenyewe ndiye anayezunguka, anasugua kwa kokoto laini ya mtoni, anaanika siku kadhaa, halafu anachoma kwa kuni na majani hapohapo uani. Kati ya vyungu sita vya mchomo uliopita viwili vilipasuka. "Upepo," alisema, basi.

Nikamuuliza nani anajifunza kwake. Akanyoosha kidole barabarani, kwenye kibanda cha binti yake. Binti anauza ndoo za plastiki. "Simlaumu, mwanangu. Ndoo haipasuki." Wala mimi simlaumu, maana na mimi kwangu nina ndoo nne.

Nilinunua chungu kimoja. Kwenye basi konda akataka nikiweke kwenye buti, nikakataa, tukabishana mpaka Mkata, nikakipakata hadi Dar. Binti yangu, naye yuko kidato cha pili, akakigonga kwa kucha akasikiliza mlio wake. Akauliza, "Hiki cha wapi?" Nikavuta kiti.