Arubaini Isiyo na Mtoto Mchanga

Waama, jamii za pwani ya Kenya zina hekima ya kale kuhusu mwili wa mwanamke. Mzazi akishajifungua hutengewa siku arubaini za kukandwa kwa maji moto, kunyweshwa uji wa pilipili manga na kutoinua kizito. Walakini, hekima hiyo haikumtengea nafasi mwanamke aliyerejea nyumbani Kisauni na matiti yaliyopandikizwa vifuko vya silikoni. Huyo hakuwa na mtoto wa kuonyesha. Alikuwa na bandeji, sidiria nene isiyo na waya, na siri.

Alikuwa mwalimu, mama wa watoto watatu. Sababu zake alizijua mwenyewe, na akiba ilikuwa yake. Mumewe alijua, mavyaa aliambiwa kuwa ni uvimbe uliotolewa.

Usiku wa kwanza alilala chali, mito mitatu mgongoni. Kifua kilikuwa kizito kana kwamba kimewekewa tofali, na chuchu zilikuwa na ganzi. Aliagizwa ameze dawa za maumivu kwa saa zake, asiguse aspirini kwa kuwa huzidisha kuvuja damu, na atembee kidogo kila siku ili damu isigande miguuni. Juu ya hayo, kwa wiki sita asiinue kizito wala asipandishe mikono kupita mabega. Amri hiyo ni nyepesi kuitamka. Nyumbani Kisauni, sufuria zilikuwa rafu ya juu, maji yaliletwa kwa mkokoteni katika mitungi ya lita 20, na kitinda mimba wa miaka miwili alisimama miguuni pake akilia, "Mama, nibebe!" Hakumbeba. Aliketi mkekani, akaweka mto kifuani, akamwacha mtoto ajiegemeze ubavuni. Hakuna maumivu ya mshono yaliyomliza kama hayo.

Siku ya tisa titi la kushoto lilikuwa jekundu na lenye joto kuliko jenziwe, na usiku homa ikapanda. Alikuwa ameonywa: wekundu unaoenea, uvimbe wa ghafla wa upande mmoja, usaha au homa ni sababu ya kurudi hospitalini mara moja. Hata hivyo, alingoja siku nzima.

"Dada, utakufa kwa ajili ya haya?" mdogo wake alimuuliza.

"Na mama nitamwambia nini?"

"Mwambie una homa. Hilo si uongo."

Alitiwa dawa za kuua bakteria kupitia mshipa. Angechelewa zaidi, huenda kifuko kingelazimika kutolewa na kidonda kuachwa miezi kadhaa kabla ya kujaribu tena.

Aliporejea, mavyaa alikuwa jikoni anakoroga uji.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "uvimbe ukitolewa, kifua hakinenepi. Mimi ni mzee, si kipofu. Nenda kalale. Arubaini ni arubaini."

Akaunyanyua mtungi wa maji mwenyewe, na habari hiyo haikutajwa tena.

Lakini utunzaji haukuishia hapo, na hili ndilo wengi hawaambiwi kwa sauti ya kutosha. Tangu Timmie Jean Lindsey alipopandikizwa vifuko vya kwanza vya silikoni huko Houston mwaka 1962, imedhihirika kwamba vifuko hivi si vya milele. Mwili huvizungushia utando, na utando ukikaza, titi huwa gumu na kuuma. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni kote duniani vifuko vyake vya BIOCELL, vyenye ngozi ya kukwaruza, baada ya kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya chembe za kinga. Mwaka uliofuata, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipendekeza vifuko vya silikoni vipigwe picha baada ya miaka 5 hadi 6, kisha kila miaka 2 hadi 3, hata kama mwenyewe hahisi lolote. Kwa hiyo kadi yenye namba na aina ya vifuko vyake aliihifadhi katika mkebe wa biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Wiki ya sita ilipokwisha, daktari alimruhusu. Alifika nyumbani, akainama, akanyoosha mikono. Kitinda mimba alimtazama tu. Alikuwa amekwisha kujifunza kupanda kiti peke yake.